Maswali ya Wasomaji: Mkuku Wako Umelala Juu ya Nini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaokaa mlimani na kutweka tanga bondeni. Mashua inalala Mbeya au Iringa, maji yako Matema kwenye Ziwa Nyasa, au bwawa la Mtera. Mashua ya namna hiyo hukaa juu ya tela muda mrefu kuliko majini, na vitu vyake vingi huharibikia barabarani. Kwa wageni wa safu hii: tukisema mkuku tunamaanisha ule wa chuma kizito unaopanda na kushuka kwa winchi, na tukisema bamba tunamaanisha ule ubao mwepesi wa katikati unaovutwa kwa kamba. Vyote viwili huzunguka kwenye pini moja na kujificha ndani ya kisanduku kilicho katikati ya mashua.

Mlio kila tukivuka tuta

*Nina mashua ya faibaglasi ya futi 22 yenye mkuku wa chuma. Nikiishusha kutoka Uyole kwenda Matema, kila tuta nasikia "ngo!" kutoka chini. Safari iliyopita nilikuta nyuzi mbili za waya wa winchi zimekatika. Kabla ya kuondoka huwa nauvuta mkuku hadi mwisho kabisa na kuifunga winchi. Nakosea wapi? – Msomaji, Uyole*

Unakosea hapo hapo pa kuuvuta hadi mwisho na kuuacha. Waya ule uliwekwa wa kuinulia mkuku majini, mahali pasipo na tuta, na ambapo maji yenyewe yanabeba karibu sehemu moja ya saba ya uzito wa chuma. Barabarani hali ni nyingine. Tela likiruka tuta, mkuku hunyanyuka kidogo, waya hulegea, halafu uzito wote huangukia waya kwa kishindo. Mashua nyingi za ukubwa wako zimefuata mpango wa Catalina 22 ya Marekani, ambayo mkuku wake una kilo 250 hivi. Kilo 250 zikianguka hata sentimita 2, mzigo unaofika kwenye waya huzidi kilo 250 mara kadhaa. Upande wa mbele, pini nayo inagongwa kwenye tundu lake. Hiyo ndiyo "ngo!" unayoisikia, na kila mlio unalipanua tundu.

Mkuku unatakiwa ulale juu ya tela. Kagua kama tela lako lina nondo ya kukingama chini ya nusu ya nyuma ya mkuku. Kama halina, mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee pande la chuma la mraba, milimita 50 kwa 50, lenye unene wa milimita 4, likiungwa kwenye mihimili yote miwili ya tela. Usikubali pande linaloning'inia upande mmoja. Juu yake funga ubao mgumu wa inchi 2 kwa 8, urefu wa sentimita 40 hivi, halafu ubandike raba. Kimo kiwe hivi: mashua ikiwa imekaa sawasawa juu ya tela na mkuku umepandishwa hadi mwisho, ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 4 kati ya mkuku na raba. Nafasi ikizidi hapo, mkuku utashuka sana na kuning'inia nje ya kisanduku. Ikipungua, mkuku utagonga ubao unapopandisha mashua kutoka majini.

Ukishaivuta mashua hadi kwenye kizuizi cha omo, yaani mbele yake, na kuifunga, teremsha mkuku polepole mpaka uguse raba, kisha legeza waya sentimita 1 au 2 tu. Ukiulegeza zaidi utaruka nje ya kapi, na kuurudisha humo njiani ni kazi ya kukuharibia siku. Kama mashua yako ina bolti ya kukaza mkuku pembeni, ikaze baada ya mkuku kulala, si kabla.

Sasa kuna hatua ambayo watu wengi huisahau. Ukifika ziwani, kabla tela halijagusa maji, zungusha winchi uurudishe mkuku juu hadi waya ukaze. Ukiisahau, mashua itaelea ikitoka kwenye tela, ubao wa kulalia utaondoka chini ya mkuku, na mkuku wote utaanguka kwa mpigo mmoja mpaka pale waya ulipolegezwa. Waya wenye nyuzi zilizokatika hautastahimili hilo. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa winchi kila unapoulaza mkuku, na usikifungue mpaka umeuinua. Na mpini wa winchi usiuachie ovyo ukiwa umebeba uzito: ukianza kujizungusha wenyewe, huvunja vidole.

Kuhusu waya, nyuzi mbili zilizokatika zinatosha kuutupa. Kwa kawaida hukatika pale waya unapoingia kwenye kibano cha mwisho, ambapo maji husimama na kutu hufanya kazi bila kuonekana. Pitisha kitambaa kikavu kwa urefu wote, usipitishe mkono mtupu. Kitambaa kikinasa, kuna mwiba. Nunua waya wa stenlesi wa milimita 5 uliosukwa nyuzi 133, yaani vifundo 7 vya nyuzi 19, kwa sababu huo unapinda vizuri kwenye kapi dogo. Ule mgumu wa nyuzi 19 tu, unaotumika kushikilia mlingoti, haufai hapa hata muuzaji akikuapia. Mwisho wa waya ubanwe kwa mashine. Ukilazimika kutumia vibano vya nati, weka vitatu, na kile kipande kipana cha kibano kikae upande wa waya unaobeba mzigo. Upande wa mkia ukae ule uzi wa duara wenye nati. Wengi huweka kinyume, na waya hujiminya na kudhoofika.

Pini yako nayo ni ya kukaguliwa, maana imeshapigwa safari nyingi. Kwa hilo lazima mashua iinuliwe na tela litolewe chini yake. Usiingie chini ya mashua iliyosimama kwa jeki peke yake. Panga magogo ya mraba kwa kupishana, kama watu wanavyopanga tanuru la matofali, chini ya omo na chini ya tezi, yaani nyuma ya mashua, kisha zuia pembeni kwa nguzo nne. Mkuku wenyewe ubebwe na jeki ya tololi. Toa pini, ipime kwa kalipa mahali panapoviringika na mahali palipojificha ndani ya kishikizo. Tofauti ikifika milimita 1, badilisha. Ukiona tundu la mkuku limekuwa la yai, pini mpya peke yake haitakusaidia. Mpelekee mchonga vyuma alitoboe upya liwe la duara na aingize bushi ya bronzi. Bushi ya nailoni iache, kwa kuwa nailoni hunywa maji na kuvimba, halafu utatuandikia tena kwamba mkuku umekwama.

Bamba haliteremki

*Shikamooni mafundi. Mashua yetu ni ndogo, ya mita 4.8, na bamba lake ni ubao uliofunikwa faibaglasi. Tangu tulipoipandisha mchangani Matema bamba haliteremki. Kamba inalegea, lenyewe limeganda. Mwenzangu anataka tulipige nyundo kutoka juu. Ndaga. – Kijana, Kyela*

Marahaba. Nyundo kaeni nayo mbali. Kisanduku cha bamba kimeungwa na sakafu ya mashua kwa mshono mmoja tu wa faibaglasi, na mshono huo ndio utakaopasuka kwanza. Mtalitoa bamba na kupata tundu la kuingizia ziwa.

Kwa kuwa limekwama mara tu baada ya kupanda mchangani, mtuhumiwa wa kwanza ni kokoto. Ufukwe wa Matema una mchanga mzuri, ila kuna sehemu zenye vijiwe vya ukubwa wa punje ya hindi, na nafasi kati ya bamba na kisanduku ni milimita 3 hadi 5 kila upande. Kijiwe kimoja kinaingia na kukaa kama kabari. Iacheni mashua ielee kwenye maji ya kiunoni yaliyotulia, asubuhi kabla upepo haujaamka. Ondoeni kila kilicho huru ndani. Mmoja avute kamba ya kupandishia tanga aliyoirefusha, ailaze mashua ubavu taratibu, na mwingine ashike omo. Tumbo likitokea juu ya maji, mtauona mwanya. Pitisheni ndani yake bapa jembamba la mwanzi au la plastiki ngumu, mkianzia nyuma kwenda mbele, huku mkimwaga maji kwa ndoo. Kisu au bisibisi itakwangua faibaglasi na kufungulia maji njia ya kuingia kwenye ubao. Kijiwe kikitoka, bamba litajitokeza lenyewe.

Kama hakuna kijiwe, basi bamba limevimba. Ubao hunywa maji kupitia ufa mdogo, mara nyingi pembeni mwa tundu la pini au kwenye ncha ya chini inayogusa mchanga. Mtalitambua kwa kupima unene kila sentimita 20: pale palipovimba huzidi kwingine. Kama ndani yake kuna kipande cha risasi au chuma cha kuliongezea uzito na chuma hicho kimepata kutu, uvimbe unakuwa mviringo kama jipu. Jipu la kutu halikaushwi, hukatwa, chuma kikatolewa, na pengo likajazwa upya.

Uvimbe wa maji hutoka ila kwa subira. Litoeni bamba, toboeni matundu ya milimita 3 upande mmoja penye unyevu, kila baada ya sentimita 10, yafike kwenye ubao lakini yasitoke upande wa pili. Kisha lisikaushwe Kyela. Bonde lote hilo, pamoja na Tukuyu, lina unyevu mwingi mno. Mpatieni ndugu wa Mbeya akaliweke kivulini penye upepo kuanzia Julai, liwe limesimama na matundu yakiangalia chini. Lipimwe kwenye mizani kila Jumamosi na uzito uandikwe ukutani kwa chaki. Uzito usiposhuka kwa wiki mbili mfululizo, limekauka. Jazeni matundu kwa epoksi iliyotiwa unga wa kuinenepesha, na tundu la pini mlitoboe kubwa zaidi, mlijaze epoksi lote, halafu mtoboe tundu la kipimo katikati ya epoksi hiyo. Hapo maji hayatagusa ubao hata bushi ikilegea.

Siku zijazo mkifika pwani, vuteni bamba juu kabla mashua haijagusa chini, na mkiisukuma tena majini lipandisheni na kulishusha mara mbili tatu kwenye maji ya magotini ili lijisafishe.

Mbao za tela: raba au zulia?

*Mbao ambazo mashua hulalia kwenye tela zimeoza. Nimepata msindano wa Mafinga, inchi 2 kwa 6. Fundi anasema nivalishe raba ya tairi badala ya zulia, itadumu. Na kuna jambo lingine: upande wa kushoto wa tumbo umebonyea mahali mbao inapogusa. Mashua ni ya bamba, tunaipeleka Mtera. – Msomaji, Iringa*

Tuanze na hilo "jambo lingine", maana ndilo kubwa. Tumbo la faibaglasi kati ya mbavu ni jembamba na halikutengenezwa libebe uzito wa mashua nzima kwenye mstari mmoja. Uzito mwingi ubebwe na mstari wa katikati, kuanzia omo hadi tezi, na mbao za pembeni zizuie tu mashua isiangukie ubavu. Likibonyea upande mmoja, ama mbao hiyo iko juu kuliko mwenzake, ama rola za katikati zimeshuka.

Jipime hivi. Simamisha tela mahali tambarare. Chukua kipande cha boksi la kadibodi, ukate ukanda wa upana wa vidole viwili, ujaribu kuupenyeza kati ya tumbo na mbao kila baada ya sentimita 30. Kushoto utagoma, kulia utaingia kwa sehemu kadhaa. Fungua nati za vishikizo vya kushoto, shusha kidogo kidogo, ukirudia na kadibodi mpaka pande zote mbili zinaminya sawa na kwa wepesi. Mashua ikipumzika hivyo juani siku mbili tatu, mbonyeo mdogo mara nyingi hurudi wenyewe. Usiporudi, gonga kwa kifundo cha kidole: mlio mzito na butu ukilinganisha na upande wa kulia unaonyesha kwamba tabaka zimeachana, na hapo ni kazi ya kukata na kujenga upya.

Kwenye mashua ya bamba usiweke rola nyembamba chini ya mwanya wa kisanduku. Itaingia katikati na kutanua kingo zake. Weka mbao mbili fupi bapa, moja kila upande wa mwanya, au rola pana inayogusa kingo zote mbili. Bamba lenyewe livutwe juu, na chini yake upitishe mkanda wa turubai kutoka upande hadi upande ili kamba ipumzike.

Msindano unafaa, ila uwe umetiwa dawa ya kuzuia wadudu na kuoza. Mbichi wa moja kwa moja kutoka kiwandani utadumu misimu miwili. Angalizo kwa wenye mashua za alumini: dawa yenye shaba hula alumini ikigusana nayo kwenye unyevu. Kwenu faibaglasi haina shida, ila bolti ziwe za zinki ya kuchovya. Laza ubao kwa upana wake, vishikizo viwe kila baada ya sentimita 60 hadi 75, na vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya mbao milimita 10.

Raba ya tairi tunaikataa. Kweli haiozi, lakini hung'ang'ania tumbo kiasi kwamba kushusha mashua inakuwa vita, na huacha weusi usiotoka kwenye rangi nyeupe. Tumia zulia la plastiki lisilo na mgongo wa povu, lile la kwenye veranda. Lifunike juu na pembeni tu, upande wa chini wa mbao uache wazi maji yatoke. Zulia lililozungushiwa pande zote ndilo lililoziozesha mbao zako za kwanza. Pini za kubania ziwe za stenlesi na ziwe pembeni, kamwe zisiwe juu.

Beringi

*Grisi ya magurudumu ya tela imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ni kawaida? – Msomaji, Tukuyu*

Hapana, ni maji. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa mita 475 hivi. Kwa mteremko wote huo na breki, habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi, hufika ziwani ikiwa ya moto. Ukiizamisha papo hapo, hewa iliyomo inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Gusa habu kwa mkono: ukishindwa kuacha kiganja, subiri nusu saa au zaidi, kanyweni chai. Sasa zifungue, osha kwa mafuta ya taa, kausha, badilisha sili, jaza kwa vidole grisi ya kuhimili maji mpaka itokee upande wa pili wa vigololi. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu hadi liwe zito, irudishe nyuma karibu sehemu moja ya sita ya mzunguko, weka pini mpya ya kufungia. Beringi yenye madoa ya bluu au vishimo haioshwi, inatupwa pamoja na kikombe chake.

Na tairi ukizikuta Kyela zimepanda psi mbili tatu usizipunguze. Ni joto. Zipime tena asubuhi.

Zinki

*Nilinunua mashua Dar es Salaam, ina kipande cha zinki karibu na mkuku. Kimeliwa nusu. Nibadilishe? – Msomaji, Mbeya*

Zinki, kile kipande kinachowekwa kiliwe badala ya chuma cha mashua, ni ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi kama ya Nyasa hujifunika utando na kulala usingizi. Huko hutumika magineziamu. Ila mashua inayokaa kwenye tela na kuogelea siku chache kwa mwezi inaweza kwenda bila chochote. Kinachokuhusu zaidi ni chumvi ya Dar iliyobaki ndani ya kisanduku. Ingiza bomba la bustani kwa juu na uache maji yapite robo saa, kwa siku tatu.

Epoksi imegoma kukauka

*Juni nilipaka epoksi kwenye mkuku baada ya kuondoa kutu. Wiki nzima bado inanata. Nilidhani ni baridi, nikaongeza kikaushio kwenye mchanganyiko wa pili. Umekuwa mbaya zaidi. – Msomaji, Mbeya mjini*

Baridi ulikisia sawa, dawa ndiyo siyo. Kuongeza kikaushio ni desturi ya resini ya poliesta, ambayo kikaushio chake ni asilimia 1 hadi 2 na unaweza kukicheza kidogo. Epoksi ni kama sima: kipimo kikipotea, hakirekebishwi sufuriani. Kikaushio kilichozidi hakina cha kuungana nacho, kinabaki humo kikinata milele. Tabaka la pili likwangue lote. La kwanza, kama ulipima sawa, linaweza kuokolewa kwa joto.

Epoksi nyingi za kawaida husuasua kukauka chini ya nyuzi joto 10, na usiku wa Juni Mbeya hushuka chini ya hapo. Funika mkuku kwa turubai kama hema, ning'iniza taa mbili za kulelea vifaranga nusu mita kutoka kwenye chuma, na kipimajoto kikae ndani. Kipate nyuzi 20 hadi 25 kwa siku mbili. Jiko la mkaa usiliingize humo: unyevu na moshi wake huchafua epoksi, na hewa yake inaua mtu. Ikikauka, ioshe kwa maji na sponji kuondoa utelezi wa juu kabla ya msasa namba 80, la sivyo tabaka linalofuata litabambuka.

Mwakani panga kazi ya epoksi Oktoba, joto likiwa limerudi na mvua hazijaanza. Miezi ya mwera, ule upepo mkali wa kusini, Mei hadi Agosti, ziwa limechafuka kwa vyovyote. Itumie kwa waya, pini, beringi na mbao, ambazo hazijali baridi. Na mkuku uliopakwa upya usiulaze kwenye raba ya tela kabla ya siku 7 kupita. Ukiuwahisha, raba itaondoka na kipande cha rangi na utaanza tena kukwangua kutu mahali pale pale.